Sauti Iliyotoka Koridoni

Mjukuu wangu Njoroge,

Watu wengi wakisikia santuri yangu ya wale ndugu wawili wa Marekani, wa gitaa na mandolini, hudhani sauti zao zilipatana tangu tumboni. Sivyo. Walirekodi kwa maikrofoni moja, na mwenye sauti kubwa alisimama nyuma.

Sisi huku tu wazima, ng'ombe amezaa, na dada yako anaungoja wimbo wenu wa harusi yake ya Jumamosi. Umeniuliza utamwambiaje ndugu yako Karanja, aliye Jeddah, aache kukufunika kwa sauti yake.

Mimi na kaka yangu tulipokwenda kurekodi Nairobi, fundi aliniambia, "Kijana, rudi nyuma." Nikarudi. "Tena." Nikafika mlangoni. "Tena." Nikajikuta koridoni, kando ya mama wa chai.

"Wamekufukuza?" akauliza.

"La, mama. Ninaimba."

"Basi imba, lakini usinimwagie chai."

Kutoka pale nilimsikia kaka yangu kwa mara ya kwanza, ingawa tulikuwa tumeimba pamoja miaka sita. Nikaifuata sauti yake. Ndiyo rekodi yetu pekee ambayo nyanya yako huisikiliza hadi mwisho.

Nimeusikiliza mara tatu wimbo mlionitumia. Anayemfunika mwenzake ni wewe.

Leo, ukitoka zamu ya ulinzi huko Riyadh, mwombe Karanja akutumie sauti yake peke yake, uiweke masikioni, uache simu mezani ikirekodi, kisha uimbe ukiwa umesimama mlangoni.

Guka wako