Simu ya Mama Niliyoivisha Dhahabu

Mshauri mpendwa, nakuandikia kwa aibu, nisaidie kabla sijamuumiza mama yangu zaidi. Mimi ni sonara, na kilichonipa jina siku hizi si pete tena bali kuvisha dhahabu vitu vya kawaida, simu, rimoti, hedifoni, hata pasi niliwahi kuletewa, wenye nazo wanapenda nami sikatai, sasa siku moja wakwe zangu walikuja nyumbani, mama akatoa simu yake ya vitufe iliyofungwa kwa mpira wa nywele, wakacheka, mmoja akasema, "Kumbe dhahabu ya sonara haifiki kwa mama yake," maneno yale yalinichoma, nikaichukua ile simu nikaitengenezea gamba la shaba iliyochovywa dhahabu, nyuma, mbele na mbavuni, nikaacha kioo na vitufe tu, na mgongoni nikachora jina lake, mama akalia kwa furaha.

Tangu hapo nikimpigia hapatikani, isipokuwa Ijumaa saa kumi, saa yetu ya kuzungumza, na nikimuuliza anasema alikuwa bafuni, alikuwa amelala, alikuwa kwa jirani, mpaka nikamfokea, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Umepata simu ya maana, sasa mimi si wa maana tena," naye akaniomba radhi. Akaniomba radhi mimi! Wiki iliyopita dada yangu anayeishi naye akanieleza ukweli, kwamba lile gamba linaziba mtandao, simu haishiki kabisa ndani ya nyumba, na kila Ijumaa mama anapanda ngazi za ghorofa tatu na magoti yake yale mabovu mpaka juu ya paa, anakaa kwenye kigoda kando ya tangi la maji akiningoja, na amemwapisha dada asiniambie, "kaka yako ataumia." Nikisema, nimemchongea dada na kumnyang'anya mama zawadi anayoringia, nikinyamaza, ipo siku ataanguka kwenye zile ngazi. Nifanyeje?

Sonara

*

Sonara, pole, na mama yako pole zaidi. Niache nikugombeze kwanza, maana umejileta mwenyewe. Fundi mzima unaifunga simu pande zote halafu hujaribu hata kupiga? Mteja wa pete unampima kidole kabla hujawasha moto, lakini mama ukamkabidhi tu! Ulikuwa unawajibu wakwe, bwana. Mama hukumuuliza lolote, na mimi nadhani alichohitaji ni mpira mpya wa kufungia simu.

Haya, futa uso. Mtu anayepanda ghorofa tatu ili usiumie hajakuchoka hata kidogo. Nyinyi wawili mnapendana mpaka mnafichana mambo, na hilo linatibika kwa mchana mmoja.

Ijumaa hii usipige. Nenda, na ufike mapema, kabla hajaanza kupanda ngazi. Beba vifaa vyako. Dada yako usimtaje kabisa. Mwambie, "Mama, nimekosea kazi, shaba inaziba mtandao." Ni kweli tupu, na jambo hilo sonara angepaswa kuligundua mwenyewe. Kisha omba radhi kwa kule kumfokea, tena uombe vizuri, usigunegune. Ukimaliza, livue lile gamba hapo hapo mbele yake. Huenda akasikitika, mwache asikitike. Bamba lenye jina lake muulize anataka liwe nini, bangili, kidani au liwekwe tu kabatini, na safari hii umsikilize. Wateja wengine uliowavishia simu zao hivyo, waite warudi, usingoje wakusengenye.

Na wakwe? Waache wacheke, meno ni yao.

Simu ikishakuwa nyepesi, mwache mama sebuleni, toka nje mpaka mtaa wa pili, umpigie. Atapokea akiwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe. Hapo zungumzeni mpaka mchoke.