Kona ya Seremala

Kwako Kaka,

Salamu zangu zikukute mzima wa miguu na mapafu, maana kwa kazi yako hivyo viwili ndivyo afya yenyewe. Huku hatujambo. Goti la Mama limetulia, na anapita nyumba hadi nyumba akionyesha ile picha yako umeinua mikono, hata kwa waliokwisha kuiona mara tatu. Cherehani yangu bado inakata uzi, nami bado naitukana.

Nimefurahi kusikia kwamba timu mpya imekupa baiskeli nyepesi na chumba chenye dirisha. Unastahili. Miaka kumi na moja umekuwa mbeba chupa wa wenzako: unarudi nyuma kwenye gari la timu kuchukua maji, unawafukuzia, unawagawia, halafu wao ndio wanaopanda jukwaani. Mama alikuwa akisema mvumilivu hula mbivu, nami nikijibu kimoyomoyo kwamba mbivu zako zinaliwa na wengine.

Sasa nikueleze siku ile ya mashindano ilivyokuwa upande wetu wa barabara, maana wewe ulipita mara moja tu, hukuona kitu.

Kwa kuwa vizibao vya wasimamizi wa njia nilivishona mimi, vyote arobaini, nilimwomba Mzee Posta anipe kona moja. Unamkumbuka, yule mstaafu aliyekuwa akisambaza barua. Mwaka wa kumi na tisa huu ndiye mkuu wa wasimamizi wa mtaa wetu. Akanipa kona ya seremala, chini ya mteremko, ambako wiki ileile walikuwa wamejenga tuta jipya lisilo na rangi. Wewe nilikwisha kukupigia simu nikakuambia upite kushoto, kwenye pengo la karibu na mfereji. Wengine wote walitegemea bendera yangu ya njano. Mzee alinifundisha asubuhi nzima: filimbi kwanza, bendera pili, kushangilia mwisho. Kisha akapanda njia panda kuzuia magari.

Watu walijaa. Seremala alitoa nje viti vyote vya wateja wake, hata ambavyo rangi haijakauka, na mama mmoja mwenye gauni jeupe akaondoka na mistari ya kahawia mgongoni. Redio ikasema mmoja amechomoka peke yake, ikataja namba yako. Nilipiga kelele mpaka nikapaliwa. Ukatokea, uso umekauka chumvi, ukapita kushoto kama tulivyoongea, ukapotea.

Nyuma yako walikuja watatu. Wa kwanza, mwenye kofia nyekundu, alilivaa tuta kwa kasi yake yote akarushwa. Wa pili akampanda, wa tatu akaishia mferejini. Nilisikia mfupa, Kaka. Mpaka leo nikikata kitambaa kigumu nausikia. Hao wawili walisimama, lakini yule wa kofia nyekundu madaktari wamemwambia mashindano basi.

Kamati ilipouliza nani mkuu wa kona ile, Mzee Posta alisema ni yeye, wala hakunitaja. Wakamwondoa kazini. Alileta kizibao chake dukani kwangu, amekifua na kukipiga pasi, akaniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, bendera uliipeperusha?" Nikamjibu niliipeperusha, ila wale walikuwa na kasi mno. Akanishukuru. Alinishukuru, Kaka, na mimi nikapokea.

Mtaani wanadhani nilipagawa kwa kukuona nikasahau kazi. Hata shemeji yako anadhani hivyo, na ananifariji. Sikusahau. Uliponipita niligeuka nikawaona juu ya mteremko, nikaona wanavyokukaribia. Miguu yako ilikuwa imechoka. Mwendo wako naujua tangu utotoni. Nikaikunja bendera kwenye mti wake, taratibu, kama ninavyokunja nguo ya mteja. Filimbi nikaitia mfukoni. Nilijiambia watashtuka tu, wapunguze mwendo, nawe upate nafasi. Lakini tuta nilijua lipo, na kasi yao niliiona.

Jana nilimwendea Mzee Posta nikamweleza yote. Nilitegemea anifukuze. Badala yake akaniuliza, "Kaka yako anajua?" Nikasema hajui. Akaniambia basi uanze wewe kujua, usije ukasikia redioni. Kamati inakaa baada ya wiki mbili, na nitakwenda kusema mbele yao. Ushindi wako sijui watauamuaje. Tafadhali usinipigie simu kunizuia, maana ukinizuia nitakubali.

Aibu yangu nitaibeba, na hatia ya kumvunja yule kijana nitaibeba mpaka nife. Ila lipo moja ambalo siwezi kulipeleka kamati yoyote. Zilibaki kilomita nne. Ulikuwa mbele. Huenda wasingekukamata, huenda siku ile ilikuwa yako kwa haki kabisa, na mimi dada yako sikukuamini. Ningeinua ile bendera leo ungejua. Sasa hujui, nami sijui, wala hakuna wa kutuambia.

Mama na shemeji yako wanakusalimu sana. Wao bado sijawaambia. Jitunze barabarani, na unywe maji yako mwenyewe. Usipojibu nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi