Gari la Papa Amina Limenishinda

Nengo, Gisenyi

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Goti lako bado linatangaza mvua kabla ya redio? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanahama? Mimi mdogo wako ni mzima, nimenenepa, Kifaransa kinanitoka kama maji, na nusu ya mafundi magari wa mji huu nimewafundisha mimi. Sijisifu, nasema yaliyopo.

Nimempa barua hii dereva wa lori anayeshuka Kigoma kwa sababu haya sitaki kuyasema kwenye simu. Na wewe usiyasome kwa sauti kibarazani.

Papa Amina si unamkumbuka, yule mchuuzi wa sambaza, dagaa wa ziwa la huku, aliyenipokea nilipofika huku na begi moja na maneno mengi. Chumba ninacholala ni chake, na mkewe akipika isombe, kisamvu cha huku, sahani yangu imo. Ana gari la zamani la dizeli, la kuvuta magurudumu yote manne, tunaliita Babu. Analipenda kuliko anavyonipenda mimi, na mimi napendwa sana. Juzijuzi aliliegesha Rubona, uwanjani anapopokelea samaki, akavuka mpaka kwa miguu kwenda Goma kumchukua mama yake mgonjwa. Alisema atarudi kula cha jioni. Hajarudi. Simu yake kwanza iliita bila kupokewa, sasa hata kuita imeacha.

Basi akaja gereji bwana mmoja mwenye kofia nyeupe. Ananukia vizuri, anacheka mdomo tu, macho hayamo. Mkononi ana funguo za Papa Amina, nazijua kwa kile kifungua chupa kilichopinda.

“Fundi, mi ni ndugu yake ya Goma. Amenituma voiture yake. Inakataa kuwaka. Bon, fanya mbio, iko anangoja.”

“Iko muzima?” nikauliza.

“Iko anangoja,” akasema tena.

Tukaenda Rubona. Mama Amina, mkewe, alikuwa pale kwenye stoo ya samaki, amesimama mlangoni. Nikazungusha ufunguo. Stata ikazungusha injini vizuri, kwa nguvu, betri nzima. Lakini bomba la moshi kimya. Sikiliza dada, nikufundishe na wewe: dizeli likikataa kuwaka huku linatoa moshi mweupe, ujue mafuta yanafika ila hayaungui. Babu hakutoa hata pumzi. Maana yake mafuta hayafiki. Nikalegeza bomba linaloingia kwenye pampu, dizeli ikaruka mpaka usoni. Nikalegeza linalokwenda kwenye nozeli, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini, kavu. Inaingia, haitoki! Kwenye pampu kuna koki ndogo inayofunguliwa na umeme ukiwasha gari. Nikaipima kwa taa: umeme hakuna. Fyuzi nzima. Nikaufuata waya kwa vidole, ukapita chini ya dashibodi, ukaingia chini ya zulia, ukaishia chini ya kiti cha dereva. Hapo nikagusa swichi ndogo, imeviringishwa kipande cha kitenge chekundu. Kitenge hicho Mama Amina alikivaa Idi.

Nikakiacha kidole hapo hapo.

Huku wenye magari ya zamani wengi wana kizimio cha siri namna hiyo, kwa ajili ya wezi. Na desturi ni moja: ukimpa mtu ufunguo kwa moyo wako, unamnong’oneza na kizimio kilipo. Hata mimi fundi wake hakuwahi kuniambia, maana nikitengeneza hukaa pembeni kunilinda kama mkwe. Lakini alipomwazima bwana harusi mmoja Babu, nilimwona kwa macho yangu akimnong’oneza sikioni kwanza. Huyu wa kofia nyeupe ana ufunguo, siri hana. Babu hakuharibika. Babu alifungwa mdomo, na mwenyewe ndiye aliyemfunga.

Mama Amina akaleta chai, akainama dirishani kama ananipa kikombe.

“Rama, angalia. Ufunguo ya nyumba iko mule pamoja. Bwana yangu hawezi toa ufunguo ya nyumba kwa mutu.”

Kidole changu kilikuwa juu ya swichi. Kubonyeza tu, Babu angenguruma, uwanja mzima ungenipigia makofi, na unajua jinsi ninavyopenda makofi. Nikautoa mkono.

“Nozeli zimekufa,” nikamwambia bwana. “Nazifungua, nikazipime mjini.”

Nikazifungua zote mbele yake, nikazifunga kwenye kitambaa. Kesho yake akanifuata gereji, mafundi wote wapo.

“Donc? Imekuwa namna gani?”

“Imenishinda.”

Dada, neno hilo sijawahi kulitoa kinywani tangu nishike spana. Gereji ikaangua kicheko. “Ee Professeur, leo Babu amekuchapa!” “Mutanzania, mudomo inawaka, gari hapana!” Nikacheka nao. Yeye hakucheka.

“Nozeli iko wapi?”

“Zimeoza, nimetupa.”

“Unatupa kitu ya mutu?” Hakunitazama uso, alinitazama mikono. “Bon. Nitatafuta fundi mwenye kujua.”

Mama Amina amebadilisha kitasa. Wakubwa wa mtaa wameambiwa, wameandika, wanasema tungoje. Kila asubuhi anasimama kwenye mpaka mdogo, wanapovuka watu wa miguu, akiwauliza wanawake wenye mabeseni wanaotoka Goma kama wamemwona. Mimi nikimwona anarudi peke yake nageuza uso. Sijui wanalitaka gari la nini. Sijui kama nimemlinda Papa Amina, au kama yuko mahali fulani anapigwa kwa sababu ya ujanja wangu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Katika kopo la majani ya chai atakalokupa dereva utakuta nozeli chini. Ziweke mbali. Hazitoki mkononi mwako mpaka mimi nikuambie kwa mdomo wangu kwamba mwenye gari amerudi. Shemeji asizichemshe.

Nisalimie mama mkubwa, mwambie kanga zake nimeshazinunua. Nisalimie mkwe wako mwalimu wa madrasa, na yule jirani fundi baiskeli anayejifanya mwenzangu. Wakisikia Rama ameshindwa na gari bovu, waache wacheke, cheka nao.

Nilikuwa nimeshafunga barua, nimeifungua tena. Safari, mwanafunzi wangu wa kwanza huku, mtu mzima sasa mwenye gereji yake, amepita kunitania. Amepata kazi Rubona.

“Mwalimu, ile iliyokushinda, niko na nozeli zingine, mi leo itawaka!”

Nikamwambia asiende. “We uko na wivu,” akasema. Ningemwambia yote, lakini yule bwana alikuwa juu ya pikipiki barabarani akimngoja, kofia nyeupe, akitutazama. Wakaondoka.

Safari nilimfundisha kutafuta waya kwa vidole, macho yamefumbwa. Kile kitenge atakifikia upesi kuliko mimi. Na akikiona atatangaza kwa sauti mbele ya yule bwana, maana nilimfundisha na kujisifu.

Dereva anapiga honi. Mimi naenda Rubona.

Mdogo wako anayekupenda,
Rama