Aliyeniambukiza Macho Mekundu

Igoma, Mwanza
9 Februari 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii imekukuta goti limepona na umerudi kuwafokea ng'ombe wako kama kawaida. Mama na mama mdogo Hellen wafikishie shikamoo zao. Mimi ni mzima, ila macho ndiyo kwanza yanaacha wekundu. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako huwa unaiweka sauti ya juu, na ninayotaka kusema si ya kijiji kizima.

Unajua nimepewa kazi ya afya na usalama hapa kiwandani kwetu, tunakotengeneza minofu ya sangara. Ugonjwa wa macho mekundu ulipoingia, sheria ikanitaka nimwandike kila mgonjwa kwenye daftari: jina, idara, siku alipoanza kuumwa, na nani anadhani amemwambukiza. Anayeandikwa anapumzika nyumbani, mshahara haukatwi. Niliwahutubia wenzangu kwamba daftari halitaki uongo. Walinipigia makofi, baba, kisha wakaja kunidanganya mmoja mmoja.

Maana ilipofika safu ya mwisho, kila Msukuma alimtaja Mkurya, na kila Mkurya akamtaja Msukuma. Ngosha wa kwenye visu aliapa kuwa Mkurya mmoja alimkazia jicho tu, ugonjwa ukahama. Bhoke wa usafi akasema Wasukuma wanayagawa macho mekundu pamoja na michembe yao ya viazi vikavu. Nilicheka, nikaandika vilevile walivyosema.

Wiki iliyopita akaja mkaguzi, mama mmoja mtaratibu. Alifunua kurasa, akashangaa ugonjwa unaochagua kabila. Nilipomweleza kuwa ni utani wetu, hakucheka. Alisema daftari la namna hiyo halimlindi mtu, akanipa siku mbili nilisahihishe, la sivyo kazi apewe mwingine. Nilizunguka idara zote nikiuliza upya, na safari hii wakasema kweli: ni taulo moja ya kufutia uso iliyokuwa ikizunguka chumba cha kubadilishia nguo.

Mkaguzi aliporudi, ukabaki mstari mmoja tu. Mgonjwa wa ishirini na tatu, Evelina Chenge, yaani mimi, ameambukizwa na Mwita wa chumba cha barafu. Mkaguzi akakunja uso, akasema kumbe hata mimi naendeleza utani, maana chumba cha barafu kiko mbali na ofisi yangu na taulo haikufika ofisini. Ningeweza kuandika "haijulikani", yakaisha. Lakini nilikuwa nimewahubiria watu ukweli. Nikamwambia mstari huo ndio pekee uliokuwa wa kweli tangu mwanzo: Jumapili kabla sijaanza kuumwa nilikuwa kwa Mwita nikimtia dawa ya macho, na tumekubaliana kuoana. Mama wa watu alicheka mpaka akavua miwani, akatia sahihi. Kazi yangu ipo.

Sasa unajua, baba. Huu ni mwaka wa pili, na kila uliponiuliza nilisema sina mtu, kwa kuwa siku zote nilikusikia ukisema Mkurya ni wa kutaniwa, si wa kukabidhiwa binti. Niliogopa. Wazee wake wanataka kuja kwako mwezi ujao, nami nakuomba uwapokee. Kwamba daftari la kiwanda lilimjua kabla yako, naomba radhi. Kumpenda, baba, siombi radhi.

Wasalimie wote wanaoniulizia hapo nyumbani. Nakomea hapa, macho yanaanza kuwasha tena.

Ni mimi binti yako,
Evelina