Gunia Kumi na Mbili za Nyumba ya Tano

Kakese, Mpanda

Kwa dada yangu Skola, huko Majimoto,

Shikamoo dada. Miili yetu huku ni mizima, moyo wangu ndio mgonjwa. Mama miguu inamsumbuaje sasa? Na kile kikohozi chako kimekuachia? Tangu tuhamishiwe kijiji hiki nawakumbuka mpaka nawaota, lakini mvua imekata barabara. Barua hii isome peke yako kwanza.

Unajua Gaudensi wangu yuko chuo kikuu. Najua unajua, nimekuambia kila barua, lakini mtu akizaa kichwa kama kile atanyamazaje? Somo lake kubwa ni Uchumi. La pili, lile dogo la kusindikiza, linaitwa Takwimu. Alinieleza jikoni: unauliza nyumba chache, unajua habari za kijiji kizima. Mimi wa darasa la nne nilielewa papo hapo.

Likizo iliyopita alikuja na karatasi za kuuliza kila nyumba imevuna gunia ngapi za mpunga. Nyumba zetu hapa zimepangwa mstari, basi yeye anaruka nne, anaingia ya tano. Dada, aliipita nyumba ya balozi wetu wa nyumba kumi! Akaipita ya mama yake wa ubatizo, akapunga mkono tu kama anapita sokoni. Watu wakanijia: "Mama Chuo Kikuu, mwanao siku hizi anatuonaje?" Nikamwambia. Akacheka. "Mama, nikichagua ninaowapenda, hiyo si takwimu tena."

Halafu homa ikamwangusha. Siku nne hakuinuka, na siku ya treni inakaribia, karatasi ishirini bado. Nikasema mama yupo, na mwandiko wangu unaujua ulivyo. Akanichorea mstari wa nyumba, akatia alama zile za kuingia.

Nami nikafanya nini? Nikaingia kwa balozi, kwa mama wa ubatizo, kwa wenzangu wa kwaya, wote waliorukwa. Zile zenye alama, nyingi ni za watu tusiosalimiana nao. Na kila nilikoingia nilianza kwa kutangaza kwamba karatasi hizi zinakwenda kusomwa na maprofesa. Mtu ananitazama, anasema kumi. Jirani yake akisikia kumi, naye kumi. Nani angetaja mbili mbele yangu? Niliporudi Gaudensi akaniuliza chini ya blanketi, "Mama, uliingia zenye alama?" Nikasema, "Zote."

Sasa ameandika. Mwalimu wake amemwambia karatasi ishirini zimepikwa, kwamba alikaa kivulini akajitungia. Anasema, "Nimemwapia mwalimu, Mama, kwamba zimeandikwa na mama yangu, na mama yangu hadanganyi." Asiposadikiwa anatolewa kwenye somo hilo, na mwaka mzima anaurudia. Barua yake imetembea wiki tatu. Labda wameshaamua. Mimi niko hapa, hata mlango wa huyo mwalimu siujui.

Nilichukua daftari nikaenda kwenye zile zenye alama. Kwa Mama Sabina, niliyegombana naye kisimani, nilisimama uani kama mwizi.

"Leo na mimi nimekuwa mtu?"

"Nimekuja kuuliza mpunga wa msimu uliopita."

"Tumekula, mwenzangu. Utapima matumbo?"

Nikakaa chini pale pale nikalia. Akaniletea kigoda, akasema, "Andika gunia moja na debe mbili. Andika vizuri." Wengine walitaja moja, wengine hawakumbuki tena. Yote nimempelekea Gaudensi, na nimeandika kwamba mwongo ni mimi. Treni imeondoka na barua. Atakayeisoma akiiona nayo imepikwa, nifanye nini? Nimebaki kusikiliza tu kama kuna mtu ananiita posta.

Kuna moja imenibana. Nyumba yangu nayo ilikuwa ya tano. Gaudensi alisema, "Hiyo jaza mwenyewe, Mama." Nikaandika kumi na mbili. Na wewe nilikuandikia kumi na mbili, ndipo ukajibu kwamba shemeji atakuja na baiskeli kuchukua mbili za mama. Dada, tulivuna tatu. Asije.

Msalimie mama, umwambie mpunga umechelewa kukauka, mengine nitamwambia mwenyewe. Shemeji umpe pole ya baiskeli aliyokwisha kuitengeneza. Msalimie mwanao katekista, aniombee bila kutaja sababu mbele ya watu. Baba Gaudensi anawasalimu wote.

Watu wa huko wakikuuliza habari za mwanangu, sema bado anasoma chuo kikuu. Mpaka ninapofunga bahasha hii, sijaambiwa vingine.

Mdogo wako,
Mama Gaudensi