Koleji Niliyomkataza Orpha

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana nyumba yangu hapa ugenini Bertrams imenyamaza na aliyeinyamazisha ni mimi. Binti yangu Orpha yuko darasa la kumi na moja, na mwanzoni mwa mwaka alirudi mbio akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuchanganya, "Maman, wamenichagua, mimi naenda koleji kila Jumamosi, ni bure, lakini wewe uje shuleni useme ndiyo," na mimi niliyesoma kwa masista kule kwetu Butembo, ambako koleji ni shule ya sekondari tu, nikamuuliza, "Koleji si ndiyo unayosoma tayari, au umeanguka mtihani wanakurudisha nyuma?" Akasema hapana, ni ya wakubwa, nikaona hapo kuna mvulana anayemfuata, nikawaambia wateja wangu wa saluni, "Muangalieni huyu, anatafuta shule ya Jumamosi," wakacheka, basi shuleni sikwenda, na kila Jumamosi nikamweka saluni anisaidie kusuka. Juzi mteja wangu Fauzia, Mtanzania wa Tanga, akasema mwanawe Burhani yuko kwenye masomo hayo, nikamuuliza kwa nini amerudishwa nyuma. Akanitazama. "Mama Orpha, koleji ni chuo. Wanaanza chuo kabla hawajamaliza shule." Orpha alikuwa hapo ameshika kitana, hakuinua uso. Nafasi yake alishapewa mwingine, na tangu siku hiyo ananijibu kwa Kiingereza tu, nami sikijui vizuri. Nifanye nini?

Masika, Bertrams

Mama Orpha, pole. Nimeshasema pole, sasa nisikilize. Usijifiche nyuma ya neno. Neno lilikupoteza dakika moja tu; yaliyobaki ni kiburi chako. Mtoto alikwambia, "Hapana, ni ya wakubwa." Hicho kilikuwa Kiswahili safi. Ulikisikia, ukachagua kucheka. Sisi wazazi wa mji huu tunalia kwamba watoto wametupa lugha yetu, halafu wakituletea, imevunjikavunjika lakini imebeba habari njema, tunawafanya kichekesho. Nani asingekimbilia Kiingereza?

Na shule nayo siiachi. Kutaka idhini ya mzazi bila hata kumpigia simu, mtoto akaachwa awe mkalimani wa maisha yake mwenyewe, ni aibu. Lakini aliyeniandikia ni wewe.

Nafasi ya mwaka huu imekwenda. Usimdanganye kwamba utairudisha. Jumatatu funga saluni, nenda shuleni na Fauzia akutafsirie, uulize kama mwakani wanachagua tena, na ndiyo yako uiache hapo hapo. Jumamosi Orpha asiguse kitana.

Kabla ya hayo, muombe msamaha. Ulimcheka mbele ya wateja, basi muombe mbele ya wateja hao hao: "Ulisema kweli, nikakucheka." Atakujibu kwa Kiingereza, au hatajibu. Usimsahihishe. Mara ya mwisho alipokuja kwako na Kiswahili, alikuwa na furaha mkononi. Siku akikirudia Kiswahili, hata akikosea kila neno, funga mdomo usikilize mpaka mwisho.