Kumfungulia Cubaka Mlango

Jumatatu, 3 Juni

Kalamu inateleza. Kocha wetu, Papa Evariste, amenipigisha saki mpaka vidole vimechubuka ndani ya gants, glavu za ngumi. Saki yetu ni gunia la turubai lililojazwa nguo kuukuu. Inaning'inia kwenye mbao za paa, pale klabu ya ngumi, mtaani Ndosho.

Amenifundisha garde tatu, namna za kujikinga. Ya kwanza, ngumi zote mbili kwenye mashavu — unajificha, lakini huoni vizuri. Ya pili, mikono imekunjwa mbele ya uso kama mtu mwenye baridi. Tumecheka. Ya tatu ndiyo nimeipenda: bega la kushoto mbele, kidevu nyuma yake, mkono wa kushoto chini tumboni.

Anasema: Mupe mulango. Aone uso wako uko wazi. Akitupa mukono wa kuume, bega linakula ngumi, na wewe unarudisha kuume palepale. Yeye anabaki ndani, mulango umefungwa!

Hajaniuliza kwa nini fundi cherehani wa umri wangu anataka kujifunza boksi. Anajua. Cubaka anafanya mazoezi klabu hii hii.

Jumanne, 4 Juni

Ruffin, mdogo wangu, alikuwa akipuliza chai hata ikiwa imepoa. Leo nimepuliza yangu.

Mama anasema nimwache Cubaka. Watu wake walikuja kwenye matanga ya Ruffin na mbuzi, walipiga magoti, wazee walizungumza, yeye akasamehe. Imekwisha.

Ngumi moja tu! Motard wawili, madereva wa pikipiki, wanagombania mteja, Cubaka anapiga, Ruffin anaangukia kisogo kwenye mawe ya volkano. Hakuamka. Na mimi hakuna aliyeniuliza kama nasamehe. Zéki ni mpole, walisema. Zéki hana neno.

Alhamisi, 6 Juni

Saki imepasuka. Papa Evariste: Fundi, tushonee basi, vijana wamelitoboa tumbo.

Nimeifungua juu ya meza ya cherehani. Makoti, soksi, kitambaa cha meza. Halafu shati la buluu lenye mfuko wa ndani. Mfuko huo niliushona mimi, Ruffin afiche simu yake. Chini yake suruali yake. Fulana yake ya kulalia. Zote!

Kwetu nguo za marehemu hazibaki nyumbani matanga yakiisha. Mama alizigawa. Furushi moja Papa Evariste alilichukua. Nimemwendea, nimemuuliza. Amesema: Mama yako alisema ziende mbali na macho yake. Ndani ya saki, nani angeziona? Na petit, mdogo wako, alipenda klabu.

Alifikiri ni heshima. Na mimi nimezipiga tangu Jumatatu.

Nimezirudisha ndani, nimeshona. Nilitaka kubaki na shati. Lakini suruali ingebaki peke yake.

Ijumaa, 7 Juni

Leo Cubaka kwenye saki. Kushoto, kushoto, kuume. Hajui. Mimi najua kila mahali ngumi inapoingia — hapa kola, hapa mkono wa shati. Anaguna kama anayepasua kuni. Nimetoka nikasimama nyuma ya ukuta.

Nimerudi, nimetazama vizuri. Akishatupa kuume, ule mkono unachelewa kurudi kwenye taya.

Nimemwomba Papa Evariste nipigane na Cubaka kesho. Cubaka amesikia. Ati: Yaya Zéki, kaka mkubwa, na mimi? Utanivunja, nani atalisha pikipiki yangu! Wenzake wamecheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 8 Juni, mchana

Naandika kwenye benchi la kituo cha afya. Mkono wa kuume umevimba.

Raundi ya kwanza nimeshusha kushoto, nimempa uso. Ameingia. Bega! Kuume kwenye taya! Damu imeruka mpaka kwenye shati langu. Ameingia tena, nimemrudishia tena, pua imekwenda upande. Vijana: Fundi! Fundi! Mushone! Nimeona utamu. Mungu wangu, nimeona utamu.

Raundi ya pili nimemvunja kwenye mbavu. Goti chini. Amesimama. Vijana wanapiga kelele, Papa Evariste amegeuka kutafuta taulo.

Cubaka ameshusha mikono yote miwili.

Si mtego. Mtego naujua sasa, macho hubaki juu yako. Yake yalikuwa chini. Amesema polepole: Yaya, pardon. Namuona mdogo wako kila siku.

Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kidevu changu. Bado! Nilikuwa na nafasi ya kuuacha pale. Sikuuacha.

Ameanguka kama gunia. Kisogo kwenye simenti.

Papa Evariste anawaambia watu wote: Aliacha garde, ni boksi, hakuna mwenye kosa. Hakuna aliyesikia maneno yale ila mimi.

Mama yake Cubaka amefika, kitenge amekifunga kinyume. Hakupiga kelele. Amekaa karibu nami, ameushika mkono huu uliovimba, ameuweka juu ya goti lake. Daktari bado yuko ndani na Cubaka. Mama huyu ananiuliza kitu kimoja tu: Mutoto wangu, wewe ndiye ulikuwa mbele yake. Alisema kitu kabla ya kuanguka?

Nimemwambia: Ngoja kidogo, mama, namalizia kuandika.

Anangoja. Anatazama kalamu.